Pensheni ya ng'ambo: Fedha huvuka mpaka, masharti nayo huvuka

INAPOFIKA tarehe 3 ya kila mwezi, Serikali ya Marekani huwalipa pensheni wastaafu wake wanaoishi nje ya nchi hiyo. Tarehe hiyo ikiangukia siku ya mapumziko, malipo hutangulizwa hadi siku ya kazi iliyopita. Mstaafu aliyejiandikisha kulipwa kwa njia ya benki hana haja ya kupanga foleni wala kumsubiri tarishi. Fedha huingia katika akaunti yake, naye huendelea na shughuli zake.

Kwa macho ya jirani, mzee wa namna hiyo ni mtu aliyebahatika. Alikwenda ng'ambo kijana, akafanya kazi kiwandani, hospitalini au katika nyumba ya kutunzia wazee, na sasa amerejea Moshi, Kisumu au Zanzibar akiwa na dola zinazomfuata hadi barazani kwake. Lakini wahenga walikwisha kutuonya kuwa usione vyaelea, vimeundwa.

Makala haya yanakusudia kuonyesha jambo moja. Teknolojia ya benki imeondoa sehemu kubwa ya taabu ya kuzifikisha fedha za mstaafu mahali alipo. Haijaondoa, wala haiwezi kuondoa, masharti yanayoamua kama fedha hizo zitumwe, zipunguzwe au zisimamishwe. Masharti hayo huwekwa na serikali inayolipa, na mara nyingi hulegezwa tu pale serikali ya nchi anakoishi mstaafu inapokubali kukaa mezani kuyajadili. Hapo ndipo sisi wa Afrika Mashariki tulipolala.

Kutoka hundi hadi akaunti

Sheria ya Hifadhi ya Jamii ya Marekani ilitiwa saini na Rais Franklin Roosevelt tarehe 14 Agosti 1935. Malipo ya kwanza ya kila mwezi yalitolewa tarehe 31 Januari 1940 kwa Bi. Ida May Fuller wa jimbo la Vermont. Yalikuwa hundi ya dola 22.54. Kwa miongo kadhaa iliyofuata, pensheni ya Marekani ilikuwa na sura hiyo, yaani karatasi ndani ya bahasha.

Mpango wa kuziweka fedha moja kwa moja katika akaunti ya mstaafu ulianza katika miaka ya 1970. Hapo mwanzo ulikuwa wa hiari. Baadaye serikali ikaamua kuwa waombaji wapya walipwe kwa njia hiyo kuanzia tarehe 1 Mei 2011, na waliokuwa bado wanapokea hundi wahamie huko ifikapo tarehe 1 Machi 2013. Wachache waliendelea kubaki na hundi zao.

Tarehe 25 Machi 2025, Rais Donald Trump alitia saini amri iliyotaka hundi za karatasi zikomeshwe ifikapo tarehe 30 Septemba mwaka huo, ukiacha wale wasiokuwa na njia nyingine kabisa. Sababu mojawapo iliyotajwa katika amri hiyo ni kwamba hundi ya karatasi ina uwezekano mara 16 zaidi wa kupotea, kuibwa, kurudishwa au kubadilishwa maandishi kuliko malipo ya kielektroniki.

Mstaafu anayeishi nje hahitaji kuelezwa sababu hizo mara mbili. Hundi iliyotumwa kwa posta kutoka Marekani ilipita mikono mingi kabla ya kufika katika sanduku la posta la mji mdogo wa Afrika. Na ikishafika, benki ya hapa haikuilipa papo hapo. Ilichukuliwa, ikarudishwa ilikotoka kuthibitishwa, na mwenye fedha akaambiwa aje tena baada ya wiki kadhaa.

Leo mstaafu ana njia tatu kuu. Ya kwanza ni kupokea pensheni katika akaunti yake iliyobaki Marekani, kisha kuzitoa huku kwa kadi au kuzihamisha. Ya pili ni kulipwa katika benki ya nchi anayoishi, ikiwa nchi hiyo imo katika mpango wa Marekani wa malipo ya kimataifa; dola hubadilishwa kuwa fedha za nchi hiyo na kuwekwa katika akaunti. Ya tatu, inayopatikana katika nchi kadhaa, ni kadi maalumu inayojazwa fedha kila mwezi na serikali yenyewe.

Kila njia ina gharama yake. Akaunti ya Marekani humbakishia mstaafu uhuru wa kuchagua siku ya kubadilisha dola zake, lakini kila anapotoa fedha kwa mashine hukatwa ada, na baadhi ya benki za huko haziwapendi wateja wasiokuwa na anwani ya Marekani. Akaunti ya nyumbani humpunguzia ada hizo, ila kiwango cha kubadilishia fedha si yeye anayekichagua. Aidha, jina lililo kwenye akaunti sharti liwafikiane na lile lililo katika kumbukumbu za mafao. Kwa watu wetu wenye majina matatu, ambao Marekani walijulikana kwa mawili, hilo si jambo la kupuuzwa.

Sahihi iliyopotea

Hundi, pamoja na udhaifu wake wote, ilifanya kazi moja ambayo watu wengi hawakuitambua. Ili ilipwe, ilibidi mwenyewe aishike, aigeuze na kuitia sahihi mgongoni. Sahihi hiyo ya kila mwezi ilikuwa namna ya kusema kuwa mzee yupo na bado anapumua.

Malipo ya moja kwa moja hayahitaji mkono wa mtu. Fedha zitaingia benki mwezi huu, mwezi ujao na mwaka ujao, hata kama mwenye akaunti alizikwa zamani. Ndani ya Marekani serikali ina njia zake za kupata taarifa za vifo. Kijiji kilicho pembezoni mwa Ziwa Nyasa kiko mbali na njia hizo.

Kwa sababu hiyo, Mamlaka ya Hifadhi ya Jamii ya Marekani huwapelekea wastaafu walio nje dodoso la kujaza, ama kila mwaka, ama kila baada ya miaka miwili, kutegemea umri wa mstaafu na nchi anayoishi. Dodoso huuliza kama anwani imebadilika, kama mhusika ameoa, ameolewa au ameachika, na kama anafanya kazi. Asiyelijibu husimamishiwa malipo hadi atakapothibitisha kuwa yupo na bado anastahili.

Hapa ndipo penye kitendawili. Serikali iliyoitoa fedha katika posta imeliacha swali ndani ya posta hiyohiyo. Pensheni husafiri kwa waya, ila dodoso linaloishikilia pensheni hiyo husafiri kwa bahasha. Na katika nchi zetu bahasha haifiki mlangoni. Huishia katika sanduku la posta, ambalo aghalabu ni la shule, la parokia, la mwajiri wa zamani au la mpwa aliyehamia mji mwingine.

Hivyo basi, mstaafu anaweza kuwa mzima wa afya, mwenye haki yake kamili na akaunti iliyo wazi, na bado akaamka tarehe 3 asikute kitu, kwa sababu tu barua ilikaa miezi mitatu katika sanduku ambalo hakuna aliyelifungua. Si kila ubalozi wa Marekani ulio na kitengo cha kushughulikia mafao haya, kwa hiyo hata mahali pa kulalamikia panaweza kuwa katika nchi nyingine.

Utaratibu huu si mgeni kwetu. Wastaafu wa Tanzania wanaujua kwa jina la uhakiki, na wengi wanakumbuka safari za kwenda kuonyesha sura zao kwa maofisa wa mfuko. Tofauti ni kwamba mstaafu wa hapa anajua ofisi ilipo na lugha inayosemwa ndani yake. Yule wa ng'ambo anahakikiwa na watu asiowaona.

Haki isiyosafiri sawasawa

Tuache njia ya fedha, tuingie katika haki yenyewe. Ili mtu apate pensheni ya uzeeni ya Marekani, anatakiwa awe amekusanya pointi 40 za michango, ambazo kwa kawaida ni sawa na miaka 10 ya kazi. Kwa mwaka 2025, kila mapato ya dola 1,810 yalimpa mtu pointi moja, na hakuna anayeruhusiwa kupata zaidi ya pointi nne kwa mwaka. Pensheni yaweza kuanza kuchukuliwa katika umri wa miaka 62 ikiwa imepunguzwa, au kusubiriwa hadi umri kamili, ambao ni miaka 67 kwa waliozaliwa mwaka 1960 na baadaye.

Raia wa Marekani mwenye sifa hizo anaweza kulipwa karibu popote duniani, isipokuwa nchi chache kama Cuba na Korea Kaskazini, ambako Hazina ya Marekani imezuia malipo. Kwa asiyekuwa raia, mambo ni tofauti. Kanuni ya jumla inasema kuwa akikaa nje ya Marekani kwa miezi 6 kamili mfululizo, malipo yake husimama, ila awe na sababu ya kusamehewa inayotambuliwa na sheria.

Kwa bahati njema, raia wa Kenya, Tanzania na Uganda wamo katika orodha ya nchi zinazopewa msamaha. Msamaha huo una sharti. Mfanyakazi ambaye pensheni inatokana na michango yake awe na pointi zisizopungua 40, au awe ameishi Marekani kwa miaka isiyopungua 10. Kwa hiyo Mkenya au Mtanzania aliyechangia hadi akastahili pensheni yake mwenyewe anaweza kurudi nyumbani bila ya hofu ya kalenda ya miezi 6.

Mzigo mzito uko kwa mjane. Mke, mume au mtoto anayedai mafao kwa michango ya mwenzake, ikiwa si raia wa Marekani na anaishi nje, kwa kawaida hutakiwa awe amewahi kuishi Marekani kwa miaka isiyopungua mitano, na katika miaka hiyo awe alikuwa na uhusiano huo wa kifamilia na mchangiaji.

Tuchukue mfano wa kufikirika, ambao hata hivyo hauko mbali na maisha ya wengi. Mwanamume alikwenda Minnesota akafanya kazi miaka 22. Mkewe alibaki Tanga akilea watoto, akijenga nyumba kwa fedha zilizotumwa, akiuguza wakwe. Mume akarudi mzee, wakala pensheni pamoja kwa miaka michache, kisha mume akafariki. Kwa sheria hiyo, mke ambaye hakuwahi kuishi Marekani miaka mitano pamoja na mumewe anaweza kukosa kabisa mafao ya mjane. Jirani yake ambaye mumewe alikuwa na viza ya familia, wakaishi kule pamoja, atalipwa.

Wote wawili ni wajane, na wote waume zao walikatwa michango ileile katika mishahara yao. Kilichowatofautisha ni viza.

Pasipoti na asilimia 25.5

Jambo la pili linalowashtua wengi ni kodi. Mstaafu asiyekuwa raia wala mkazi wa Marekani hukatwa kodi ya asilimia 30 juu ya asilimia 85 ya pensheni yake, yaani asilimia 25.5 ya pensheni yote. Katika kila dola 1,000, dola 255 hubaki Marekani, na zinazotumwa ni dola 745. Makato hayo hufanyika kabla fedha hazijaondoka, kwa hiyo taarifa ya benki haiyaonyeshi. Mzee huona tu kuwa hesabu haijatimia.

Kodi hiyo hupunguzwa au kufutwa kwa raia au wakazi wa nchi ambazo zina mkataba wa kodi na Marekani unaosema hivyo. Kenya, Tanzania na Uganda hazina mkataba huo.

Raia wa Marekani aishiye nje hakatwi kwa namna hiyo. Yeye hutakiwa kujaza taarifa za kodi kama raia mwingine yeyote, na iwapo pensheni hiyo ndiyo mapato yake pekee, kwa kawaida hatadaiwa kitu. Ina maana kuwa wafanyakazi wawili waliochangia sawa, wakastaafu siku moja na kurudi mtaa mmoja, wanaweza kupishana kwa robo ya kipato kwa sababu ya rangi ya pasipoti.

Hapo ndipo mjadala wetu wa siku nyingi kuhusu uraia pacha unapoacha kuwa wa wanasiasa na kuingia jikoni kwa mstaafu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inamruhusu raia wa kuzaliwa kushika uraia wa nchi nyingine bila kuupoteza wa kwao. Mkenya anaweza kulinda pensheni yake na bado akarudi Kisumu kama mwenye nyumba. Sheria ya Uraia ya Tanzania ya mwaka 1995 haitoi nafasi hiyo kwa mtu mzima. Mtanzania hubaki na uamuzi mgumu: ama abaki raia wa nchi yake na kukatwa robo ya pensheni uzeeni, ama aupokee uraia wa Marekani na kurudi kwao kama mgeni.

Ifahamike pia kuwa yapo mafao ambayo hayavuki mpaka kabisa. Msaada wa SSI, ambao hutolewa kwa wazee na walemavu wenye kipato duni na ambao wengi huuchanganya na pensheni, hukoma mtu akikaa nje ya Marekani siku 30 mfululizo. Bima ya afya ya Medicare nayo kwa kawaida hailipii matibabu nje ya nchi hiyo. Anayerudi nyumbani akidhani atatibiwa kwa kadi hiyo atajikuta mlangoni mwa hospitali na karatasi isiyokuwa na kazi.

Waingereza na pensheni iliyoganda

Baadhi ya wasomaji watasema kuwa haya ni ya Marekani tu. Tuitazame Uingereza, ambako watu wengi wenye asili ya Afrika Mashariki, wakiwamo waliofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972, walifanya kazi na kuchangia.

Uingereza nayo huweka pensheni ya serikali moja kwa moja katika akaunti ya mstaafu nje ya nchi, kila baada ya wiki 4 au wiki 13. Kwa upande wa njia, hakuna tatizo. Tatizo ni kwamba katika nchi nyingi, Kenya, Tanzania na Uganda zikiwamo, pensheni hiyo huganda. Nyongeza inayotolewa kila mwaka kwa walioko Uingereza haimfikii mstaafu aliyehamia huku.

Tuone hesabu. Mfumo mpya ulipoanza Aprili 2016, pensheni kamili ilikuwa pauni 155.65 kwa wiki. Kufikia Aprili 2025 ilikuwa pauni 230.25. Mstaafu aliyeanza kulipwa pensheni kamili mwaka 2016 akiwa Nairobi, alikuwa bado anapokea zile 155.65. Pengo lilikuwa pauni 74.60 kila wiki, karibu pauni 3,900 kwa mwaka. Ila akihamia Mauritius, ambayo ina makubaliano na Uingereza, pensheni yake hupandishwa kama ya mstaafu wa London.

Marekani, pamoja na ukali wake wa kodi na viza, haifanyi hivyo. Nyongeza ya gharama za maisha, kama ile ya asilimia 8.7 ya mwaka 2023 au asilimia 2.5 ya mwaka 2025, humfuata mstaafu wake hata akiwa nje.

Suala la pensheni zilizoganda lilifikishwa mahakamani na Bi. Annette Carson, aliyekuwa amehamia Afrika Kusini. Alishindwa mbele ya majaji wa Baraza la Malodi mwaka 2005. Yeye na wenzake wakaenda Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu huko Strasbourg, ambako mwezi Machi 2010 walishindwa kwa kura 11 dhidi ya 6. Majaji walio wengi walisema, kimsingi, kuwa mstaafu aliye nje hayuko katika hali inayolingana na ya aliye ndani, na kwamba nchi haifungwi na makubaliano ambayo haikuyafanya.

Hukumu hiyo, ipendeze isipendeze, ina somo. Haki ya namna hii haipatikani kwa kulalamika mahakamani. Hupatikana kwa serikali mbili kukubaliana.

Kifo na namba ya siri

Kabla ya kuzigeukia serikali zetu, kuna jambo moja la ndani ya familia. Pensheni ya Marekani ya mwezi mmoja hulipwa mwezi unaofuata, na mwezi ambao mstaafu amefariki haulipwi. Mzee akifariki tarehe 28 Julai, malipo yatakayoingia Agosti ni ya Julai, na kisheria si yake tena. Yanapaswa kurudishwa.

Lakini msiba wa Kiafrika una gharama. Watu wamefika kutoka mbali, jeneza linasubiriwa, chakula kinapikwa. Kijana anayeijua namba ya siri ya kadi ya babu yake huona fedha zimeingia, naye huzitoa kwa nia njema. Miezi michache baadaye Hazina ya Marekani huitaka benki izirudishe, na familia hujikuta ikidaiwa fedha zilizokwisha kuliwa matangani. Mwezi mmoja bado ni kosa la huzuni. Miezi kumi huwa ni udanganyifu.

Ndiyo maana taarifa ya kifo, ambayo kwetu huonekana kama shughuli ya makaratasi ya kusubiri arobaini ipite, inapaswa kutangulia. Na inaweza kuwa na faida, kwani ndiyo hatua ya kwanza ya mjane mwenye sifa kuomba haki yake mwenyewe.

Kiti kilicho wazi mezani

Marekani ina mikataba ya hifadhi ya jamii na nchi zipatazo 30. Mikataba hiyo humwezesha mtu aliyechangia sehemu katika nchi moja na sehemu katika nchi nyingine kuunganisha miaka yake. Hulegeza pia masharti ya ukaazi yanayowaumiza wajane. Katika nchi hizo hakuna hata moja ya Afrika.

Athari zake si za kinadharia. Mtanzania aliyefanya kazi Marekani kwa miaka tisa na nusu, akakusanya pointi 38, kisha akarudi kumuuguza mama yake, hana pensheni ya huko. Michango yake ya miaka yote hiyo imebaki kule. Angekuwa raia wa nchi yenye mkataba, na akawa amechangia pia katika mfuko wa kwao, miaka hiyo ingeunganishwa naye angepata sehemu yake ya halali.

Tunajua kuwa sheria hubadilika watu wakizisemea. Tangu mwaka 1983 Marekani ilikuwa na kanuni iliyompunguzia pensheni mtu aliyekuwa na pensheni nyingine itokanayo na kazi isiyokatwa michango ya huko, hata kama kazi hiyo ilifanyika nje ya Marekani. Mwalimu aliyekuwa na pensheni ya Tanzania na baadaye akachangia Marekani aliweza kuguswa nayo. Tarehe 5 Januari 2025, Rais Joe Biden alitia saini sheria ya kuifuta, na malipo yakarekebishwa kuanzia mafao ya Januari 2024. Walioipigania zaidi ni walimu, askari polisi na wazimamoto wa Marekani. Wazee wetu walifaidika kwa jasho la wengine.

Hata nyumbani bado hatujamaliza kazi. Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, inatambua haki za hifadhi ya jamii za mfanyakazi anayevuka mpaka ndani ya jumuiya, na inalitaka Baraza la Mawaziri kutunga kanuni zake. Wale wanaokumbuka madai ya wastaafu wa iliyokuwa Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyovunjika mwaka 1977, wanajua thamani ya kuandika mambo haya mapema. Miaka ya 2000 ilifika wazee hao wakiwa bado wanadai, na baadhi yao walikufa wakisubiri.

Serikali zetu husifu mara kwa mara fedha zinazotumwa na watu wetu walio ng'ambo. Pensheni ni sehemu ya fedha hizo, tena iliyo tulivu kuliko zote, kwa kuwa haitegemei huruma ya mtu wala ajira ya mwezi huu. Kila mkataba wa kodi usiojadiliwa na kila makubaliano ya hifadhi ya jamii yasiyoombwa ni fedha zinazobaki katika hazina ya nchi nyingine badala ya kufika katika duka la mtaani kwetu.

Wakati tukisubiri, kila anayejiandaa kurudi na afanye yaliyo katika uwezo wake. Ahesabu pointi zake kabla ya kukata tiketi, kwani miezi sita zaidi ya kazi yaweza kuwa ndiyo tofauti kati ya pensheni ya maisha na kutopata chochote. Awe na sanduku la posta lake mwenyewe, na mtu mwaminifu wa kulifungua. Aiambie familia yake bila kificho nini kitatokea siku atakapoondoka duniani. Na mwenye mke aliyebaki nyumbani aulize mapema sheria inasema nini juu yake, wakati bado kuna muda wa kurekebisha.

Mali bila daftari, walisema wazee, hupotea bila habari. Daftari la mstaafu mmojammoja liko mikononi mwake. Lile la mikataba liko katika wizara za Dodoma, Nairobi na Kampala, na kurasa zake bado ni nyeupe.